Naomba ushauri: nisome uzamili wa epidemiolojia au wa takwimu za afya?

Nuru: Heshima kwenu wanajukwaa. Nina shahada ya kwanza ya uuguzi na kwa sasa ninashughulikia taarifa za wagonjwa katika kituo cha afya. Ninatamani kuwa mchambuzi wa data za afya ya jamii, lakini nimekwama kati ya uzamili wa epidemiolojia na ule wa takwimu za afya, na jambo hili linaninyima usingizi. Upi unafaa zaidi?

Mzee wa Majedwali: Mwanangu, epidemiolojia hukufundisha kuuliza nani ameugua, analinganishwa na nani, na ni kipi kingine kinachoweza kueleza tofauti hiyo. Takwimu hukufundisha jibu linaaminika kwa kiasi gani na kwa nini. Mimi nilisoma takwimu, na tulikaa muhula mzima kwenye nadharia ya uwezekano kabla ya kugusa data ya mgonjwa hata mmoja. Wenzangu waliokuja bila kalkulasi na aljebra ya matriki waliteseka sana. Wewe hesabu umeishia wapi?

Salama: Ndugu mleta mada, anza na R, programu ya bure ya kuchambua takwimu, kisha SQL, lugha ya kuchota data kwenye hifadhidata. Mimi niliajiriwa kwa sababu niliweza kuoanisha rejista mbili za wagonjwa zisizo na namba ya utambulisho inayofanana, wala hakuna aliyeniuliza cheti.

Mwalimu Mstaafu: Vijana mnakimbilia programu na kusahau kwamba kila mstari wa data ni mtu mwenye siri zake. Yapo pia mafunzo ya epidemiolojia ya uwandani, yaliyofuata mfano wa mpango ulioanzishwa Marekani mwaka 1951, ambayo daraja lake la juu huchukua miaka 2 na sehemu kubwa hufanyika kazini.

Mzee wa Majedwali: Swali langu la hesabu bado halijajibiwa.

Nuru: Niliishia hesabu za sekondari. Tena nimekwisha kuthibitisha nafasi ya uzamili wa takwimu za afya kwa njia ya mtandao, usio na tasnifu wala mafunzo kwa vitendo, na malipo ya awali hayarudishwi. Hata hivyo sioni ubaya wake, kwa kuwa wanafundisha ujifunzaji wa mashine, yaani kompyuta kujifunza kutokana na data, na waajiri wengi wanautaja kwenye matangazo yao.

Msomaji Makini: Hapa ninaingiwa na shaka. Uliuliza uchague kipi, kumbe ulikwisha kuchagua, na sasa unaisifu kozi. Nadhani kisa hiki kimetungwa ili kuitangaza. Kama kweli unashughulikia taarifa, tueleze jambo moja linalokusumbua kazini.

Nuru: Sijataja chuo chochote na sitakitaja. Linalonisumbua ni sifuri. Kwenye fomu ya mwezi, kisanduku cha vifo vya wajawazito kikiachwa wazi, siwezi kujua kama hakuna aliyefariki au kama mjazaji alizidiwa na kazi. Kuna kipindi idadi ya vifo ilishuka tukapongezwa, nami nilikuwa nimeziona fomu zenye visanduku vitupu.

Msomaji Makini: Ninaondoa shaka yangu. Hilo analijua aliyezishika fomu mwenyewe.

Mzee wa Majedwali: Hata DHIS2, mfumo wa kompyuta wa kukusanya taarifa za afya, hauhifadhi sifuri mpaka kipengele husika kipangiwe hivyo, kwa hiyo tatizo lako ni la kweli. Mwaka 1976 mwanatakwimu Donald Rubin alionyesha kwamba cha kutazama kwanza ni sababu ya data kukosekana. Ikiwa vituo vilivyolemewa ndivyo vinavyoacha visanduku wazi, na pengine ndivyo vyenye vifo vingi, ujifunzaji wa mashine utalirudia kosa lilelile kwa kasi zaidi. Mwandikie mratibu wa kozi umuulize ni somo gani linafundisha data zinazokosekana na sampuli za tafiti za kaya, kama unaweza kufanya mradi kwa data za kituo chako baada ya kupata kibali cha maadili, na kama nafasi yako inaweza kuahirishwa hadi mkupuo ujao ili usome kalkulasi kwanza.

Nuru: Ahsante sana, mzee wangu. Nitamwandikia leo na kuomba kuahirisha. Wakikataa, nitaanza hivyo hivyo na hesabu nitazisoma usiku, kwa sababu nafasi hii siwezi kuiachia.

Mzee wa Majedwali: Basi anza na matriki usiku huu, kabla hawajakujibu.