Mjadala: Kuhamia jiji kubwa kikazi, unafuata mshahara au unafuata watu?

MLETA MADA

Habari zenu wadau. Naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana vijana wanaomaliza masomo wanaliuliza kila mwaka na wanaishia kujibiwa kwa methali. Kijana ana cheti, ana ufundi wa kuanzia, na mahali alipo kazi za fani yake ni za kuokoteza. Je, ahamie jiji kubwa asilolijua, au abaki ajijenge alipo?

Msimamo wangu nautoa mapema ili mnipinge vizuri: ahame, ila asihame kwa ajili ya mshahara. Ahame kwa ajili ya mtu atakayekaa naye meza ya jirani.

Mimi ni mkaguzi wa hesabu. Nilipohamia jiji kubwa mara ya kwanza mshahara wangu ulipanda kwa karibu nusu, na kodi ya chumba pamoja na nauli vikaimeza nyongeza yote. Kwa hesabu ya pesa peke yake, nilihama bure. Lakini meza iliyofuata alikaa mama mmoja aliyekuwa kwenye ukaguzi kwa zaidi ya miaka 20. Siku yangu ya tatu kazini aliletewa faili nene la hati za malipo. Hakuangalia kiasi hata kimoja. Alifungua kalenda pembeni, akawa anashusha kidole kwenye tarehe tu, hati baada ya hati. Nikamuuliza anatafuta nini. "Jumapili," akasema. Akanieleza kwamba mtu anayepika hesabu hukesha akihakikisha jumla zinalingana, lakini tarehe anazijaza harakaharaka, na hakumbuki kwamba siku hiyo ofisi ilikuwa imefungwa. Asubuhi ile alizipata tatu.

Miaka yote ya chuo hakuna aliyenifundisha hilo. Mchumi Mwingereza Alfred Marshall alishaliandika mwaka 1890: watu wa kazi moja wakikusanyika mahali pamoja, siri za kazi zinakuwa kama ziko hewani, hata watoto wanazinasa bila kujua kwamba wanajifunza. Hewa hiyo ndiyo ninayosema mtu aifuate. Karibuni.

MCHANGIAJI WA 1

Mkuu, umeongea kama mtu aliyepata. Wewe ulifika na barua ya ajira mkononi, au siyo? Sisi wengine tulifika na begi.

Mwaka 1970 wachumi wawili, Harris na Todaro, walieleza kwa nini watu wanaendelea kumiminika mijini hata pale wasio na kazi wanapojaa. Mtu halinganishi mshahara wa kule na wa kwao tu, anauzidisha ule wa kule na uwezekano wa kuupata. Kwa hiyo zikitangazwa ajira 100 mjini, wanaweza kuja watu 300, na wasio na kazi wakaongezeka badala ya kupungua. Mimi nilikuwa mmoja wa wale 200 wa ziada.

Nilipanga akiba ya miezi 6, ikakata wa tatu. Kodi ya kutanguliza, nauli za kwenda kwenye usaili, nguo moja ya heshima. Nikashika kazi isiyo ya fani yangu ili nile, na nikirudi jioni sina nguvu hata ya kurekebisha barua ya maombi. Hiyo meza ya jirani sikuwahi kuiona. Nilirudi nilikotoka baada ya mwaka, na aliyebaki akaanza kidogokidogo alikuwa ameniacha mbali.

MLETA MADA

Ndugu, pole, na nakubali kosa langu. Ni kweli nilikuwa na barua, na nilipaswa kusema hivyo tangu mwanzo. Asiye na barua namshauri atafute kwanza akiwa alipo, asafiri kwa usaili na kurudi, hata ikimchukua mwaka. Mwaka wa kusubiri ukiwa na pa kulala ni nafuu kuliko miezi 6 ya kuliwa na jiji.

MCHANGIAJI WA 2

Mbona hakuna anayegusa njia? Kodi ya karibu na ofisi humudu, unapanga mbali. Saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi. Fanyeni hesabu: saa 3 kwa siku, siku 5, wiki 48, ni saa 720. Gawanya kwa 24 unapata siku 30 kamili. Mwezi mzima wa mwaka wako, usiku na mchana, umesimama umeshika bomba la basi. Watafiti Stutzer na Frey walilichunguza Ujerumani, wakachapisha mwaka 2008, wakakuta wanaosafiri muda mrefu kwenda kazini hawaridhiki na maisha yao kama wanaosafiri muda mfupi. Maana yake mshahara na nyumba havikuwa vimewafidia. Mtu anayeandikiwa mkataba aombe aoneshwe na saa hizo.

MCHANGIAJI WA 3

Mjadala umepitwa na wakati. Tangu 2020 tumeona kazi za ofisini zinafanyika ukiwa popote. Pata intaneti nzuri, baki kwenu, kula mshahara wa jiji.

MLETA MADA

Mchangiaji wa 2, hapo sina ubishi. Hesabu hiyo mtu aiandike kwenye karatasi ileile anayoandika mshahara.

Mchangiaji wa 3, kwa mwenye uzoefu wa miaka 10 nakuunga mkono moja kwa moja, abaki anapopenda. Kwa anayeanza ninakataa. Ofisi zilipofungwa 2020 nilikuwa bado nafanya kazi na yule mama, kila mtu kwake. Nikimwandikia swali alinijibu siku hiyohiyo, na vizuri. Tatizo ni kwamba nilijibiwa nilichouliza tu. Kile kidole kwenye tarehe nisingekiuliza kamwe, kwa sababu sikujua kwamba kuna cha kuuliza.

Halafu kuna suala la kupata kazi inayofuata. Mwanasosholojia Mark Granovetter aliandika mwaka 1973 kuhusu wafanyakazi wa fani katika mji mmoja wa Massachusetts, Marekani, waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua. Zaidi ya nusu walikuwa wakionana na mtu huyo mara mojamoja tu. Rafiki yako wa karibu anajua nafasi zilezile unazozijua wewe. Yule uliyekutana naye mara mbili kwenye ngazi za jengo ndiye anayejua usichokijua. Sasa aliyejifungia chumbani na kompyuta anakutana na nani kwenye ngazi? Hata wale waliohama kabisa na wakapata kazi ya kukaa peke yao nawaambia wamelipa gharama ya jiji bila kulipata jiji lenyewe.

Na si lazima ukae milele. Wachumi De la Roca na Puga walifuatilia historia za kazi za watu nchini Hispania, utafiti ukatoka 2017. Uzoefu uliopatikana katika miji mikubwa kama Madrid na Barcelona ulikuwa na thamani zaidi, na aliyehama baadaye kwenda mji mdogo aliondoka na sehemu kubwa ya thamani hiyo. Mtu anaweza kwenda miaka 5, akachota, akarudi.

MCHANGIAJI WA 4

Kaka mleta mada, mnazungumza kana kwamba anayehama ni mtu mmoja. Mimi ni dada mkubwa niliyebaki. Wadogo zangu wawili wako majiji makubwa, wanasonga, na ninawafurahia kwa moyo wote. Lakini mama akiamka na presha saa 9 usiku, anayetafuta gari ni mimi. Nafasi mbili za kazi zimenipita kwa sababu hiyo. Kila mwezi wanatuma pesa na wanaona wamemaliza. Hiyo miaka 5 yenu ya kuchota, kuna mtu anailipa na jina lake haliko kwenye mkataba wowote.

MLETA MADA

Dada, nimeusoma ujumbe wako mara tatu. Kwetu aliyebaki ni kaka yangu, na sikuwahi kumuuliza nafasi ngapi zimempita. Nitampigia leo. Kwa wanaojiandaa kuhama: kaeni na anayebaki kabla ya kufunga mizigo, mkubaliane ni miaka mingapi na zamu yake inaanza lini. Pesa ya kila mwezi haishiki zamu ya saa 9 usiku.

MCHANGIAJI WA 5

Naombeni msaada. Nimeitwa usaili wiki ijayo, jiji ambalo simjui mtu. Wakinipa nafasi ya kuuliza, niulize nini?

MLETA MADA

Uliza nani ataipitia kazi yako kabla haijatoka, na anakaa wapi ofisini. Wakikutajia cheo bila mtu, uliza tena. Kama wataruhusu, omba uione meza yenyewe. Kesho yake, kabla hujarudi, amka mapema uende kwenye mtaa ambao kodi yake unaimudu, upande usafiri kutoka pale hadi mlangoni kwao ukiwa na saa mkononi. Iwe siku ya kazi. Kisha tuletee hapa majibu yote mawili, tuhesabu pamoja.