Jiji likitaka kupunguza matumizi ya umeme, limbane nani: mpangaji au mwenye jengo?

Wadau, kampeni za majiji za kuokoa umeme zinafanana mno. Zima taa ukitoka chumbani, chomoa chaja, nunua balbu isiyokula umeme mwingi. Anayesemeshwa siku zote ni yule anayelipa bili. Mimi naona tunamsemesha mtu asiye na uwezo wa kufanya jambo kubwa, na hoja ninayoileta ni hii: jiji lenye nia ya kweli limbane kwanza mwenye jengo, kwa sheria ndogo yenye tarehe na faini, ndipo limgeukie mpangaji.

Nimekuwa mpangaji miaka mingi. Niliwahi kukaa ghorofa ya juu kabisa, na juu yangu palikuwa na dari nyembamba na bati. Saa nane mchana feni ilizungusha hewa ya moto, na usiku wa manane kuta zilikuwa bado zinatema joto la mchana. Nilibadilisha balbu zote, nikaachana na friji la zamani. Bili ikashuka kidogo, kisha ikagoma. Kilichokuwa kinanimaliza ni paa, na paa halikuwa langu. Nilimwomba mwenye nyumba atandaze kizuia joto juu ya dari. Akaniuliza kwa nini atoe pesa yake wakati bili hailipi yeye. Nilikasirika, lakini nikakaa nikafikiri: na mimi kwa nini nigharamie paa la nyumba ambayo huenda nikaihama mwakani?

Anayeweza kurekebisha hanufaiki, anayenufaika hana mamlaka. Kampeni ikirudiwa hata miaka kumi haitaufungua mkwamo huo, kwa sababu hakuna kati ya hao wawili anayekosa elimu.

Mji wa Boulder, jimbo la Colorado nchini Marekani, uliukabili mkwamo huu. Mwaka 2010 baraza lake lilipitisha kanuni kwamba kila nyumba ya kupangisha ifikishe alama 100 kwenye orodha ya hatua za kuokoa nishati: kizuia joto darini na kwenye kuta, mianya iliyozibwa, madirisha bora, mitambo isiyopoteza joto, na kadhalika. Wenye nyumba walipewa hadi mwisho wa 2018. Meno ya kanuni yalikuwa kwenye leseni, maana nyumba isiyotimiza haikuruhusiwa kupangishwa. Na mji haukuwatupa mkono, uliweka washauri wa kukagua nyumba na kumwonyesha mwenye nyumba aanzie wapi. Kwa muda wa miaka minane, simwonei huruma anayedai alishtukizwa.

Kuna wanaosema majengo ya zamani hayarekebishiki, heri kuvunja na kujenga upya. Nawaomba watazame Empire State Building ya New York, iliyofunguliwa 1931. Ukarabati wake wa nishati ulianza 2009, kwa lengo la kupunguza matumizi kwa asilimia 38. Madirisha yake yapatayo 6,500 hayakutupwa. Yalitolewa, yakasukwa upya katika karakana iliyowekwa ndani ya jengo lenyewe kwa kutumia vioo vilevile, yakarudishwa. Nyuma ya mitambo ya kupashia joto ukutani zikawekwa karatasi za kurudisha joto chumbani. Halafu likafuata jambo ambalo mafundi wanalijua lakini wanasiasa hawalizungumzi: joto linaloingia lilipopungua, ile mitambo mikubwa ya kupoza haikuhitaji kubadilishwa kwa mipya yenye nguvu zaidi, ikatengenezwa ile ile. Kwanza ziba, ndipo ununue mashine. Majiji mengi yanakwenda kinyumenyume, yanahimiza viyoyozi vipya ndani ya vyumba vinavyovuja.

Jiji hilohilo la New York, mwaka 2019, lilipitisha sheria ya kuyawekea majengo yanayozidi futi za mraba 25,000, yaani kama mita za mraba 2,300, kikomo cha gesijoto, yaani hewa zinazoipasha dunia joto, zinazotokana na nishati ambayo jengo linatumia. Kikomo kilianza kufanya kazi 2024, na kitabanwa zaidi 2030. Anayekizidi anatozwa dola 268 kwa kila tani ya ziada. Wamiliki walipiga kelele sana, wengine wakaenda mahakamani. Lakini majengo ndiyo yanayotoa takribani theluthi mbili ya gesijoto ya jiji lile, sasa lingeanzia wapi kwingine?

Nije kwenye pingamizi ambalo kwa kweli linaninyima usingizi. Mwenye nyumba akishurutishwa kukarabati, ataipeleka gharama kwenye kodi ya pango, na mpangaji maskini atasukumwa nje ya nyumba iliyotengenezwa kwa jina lake. Hofu hii ina msingi. Ujerumani, sheria ilimruhusu mwenye nyumba kuongeza kwenye kodi ya mwaka asilimia 11 ya gharama alizotumia kuiboresha nyumba. Wapangaji walilia miaka mingi. Kuanzia 2019 kiwango kikashushwa hadi asilimia 8, na ongezeko la kodi ya mwezi likawekewa kikomo cha euro 3 kwa kila mita ya mraba ndani ya miaka sita. Msimamo wangu hapa hauyumbi: sheria ya kumbana mwenye jengo isiyokuwa na kikomo cha kodi, hata mimi ninayeitetea nitaipinga.

Tatizo ni kwamba kodi ya pango mara nyingi iko mikononi mwa serikali kuu, na jiji likivuka mipaka yake linaangushwa. Berkeley, California, ilipiga marufuku mabomba ya gesi kwenye majengo mapya mwaka 2019. Mahakama ya rufaa ikasema mwaka 2023 kwamba hilo linagongana na sheria ya nchi nzima, na mwaka uliofuata mji ukaifuta kanuni yake. Kwa hiyo jiji lisimame pale lenye mamlaka kamili: vibali vya ujenzi, leseni, majengo yake lenyewe, taa zake za barabarani. Los Angeles ilianza 2009 kubadilisha taa zake kuwa za LED, zaidi ya 140,000, na umeme wa taa hizo ukapungua kwa zaidi ya nusu. Diwani anayetaka kumtoza mtu faini aanzie na ofisi anayokalia.

Wengine watanikumbusha mchumi Mwingereza William Stanley Jevons, aliyeeleza mwaka 1865 kwamba injini zilizotumia makaa kidogo ziliongeza matumizi ya makaa badala ya kuyapunguza. Ni kweli sehemu ya akiba huliwa na matumizi mapya. Lakini mtu aliyekuwa analala kwenye chumba kama tanuri, akipata nafuu akawasha feni saa moja zaidi, siwezi kumwita mfujaji.

Sasa naombeni mnisaidie hapa, maana sina jibu linaloniridhisha. New York imeyaacha majengo madogo nje ya sheria yake, na naelewa sababu. Mama mjane mwenye vyumba vitatu vya kupangisha hawezi kulinganishwa na kampuni yenye maghorofa. Lakini wapangaji wanaoungua zaidi na bati wako hukohuko kwenye vyumba vitatu vya mama mjane. Ukimwacha, umewaacha na wao. Ukimbana, atapata wapi pesa ya kuanzia? Mimi naelekea kwenye mkopo wa jiji usio na riba, unaolipwa kidogokidogo kupitia kodi ya jengo, lakini nataka kumsikia aliye mwenye nyumba mdogo: angeukubali, au angefunga vyumba?