Amplifaya na spika za uani Gungu: nilete nini kutoka Marekani?

Kutoka: Columbus, Ohio

Asalaam aleikum ndugu zangu wa Kigoma, popote mlipo.

Nyumba ya wazee pale Gungu imekamilika na ua umezungushiwa ukuta, Alhamdulillahi. Baba amestaafu. Jioni anakaa chini ya mwembe, redio ndogo ya betri kaiweka sikioni, na mama aliyeko jiko la nje hasikii neno. Nataka niwafungie spika za nje wasikilize wote: taarifa ya habari, Kurani alfajiri, na rumba wageni wakija. Huku nimeona amplifaya ya wati 500 imeshushwa bei, pamoja na spika nne. Kontena letu linafungwa mwisho wa mwezi. Kutoka sebuleni hadi mwembeni ni kama hatua arobaini. Ninunue? Na waya nilete wa aina gani?

Kutoka: Mwanga, Kigoma

Waaleikum salaam dada yangu. Mimi ni fundi wa umeme na redio hapa Mwanga, nakujibu kwa niliyoyashika kwa mikono yangu. Usilipie kitu kabla hujaigeuza hiyo amplifaya ukasoma mgongoni kwake, pale waya wa umeme unapoingilia. Kama imeandikwa 120V 60Hz peke yake, iache dukani. Umeme wetu ni volti 230, 50Hz. Kama imeandikwa 100–240V 50/60Hz, au ina kiswichi cha kuchagua 115 na 230, hiyo inakuja na inafanya kazi.

Nalisema hili kwa uchungu. Niliitwa nyumba moja Bangwe, kijana alikuwa ametumiwa amplifaya nzuri mno na kaka yake aliyeko huko kwenu. Ilikuja na kile kiplagi cha kubadilishia umbo, akadhani kinabadilisha na umeme. Nilipofika, harufu ya kuungua ilikuwa bado sebuleni. Nilifungua mfuniko nikakuta fyuzi imekuwa nyeusi kama imepakwa masizi, na kapasita mbili kubwa zimevimba vichwa. Kile kiplagi kinabadilisha miguu tu. Volti zinapita zote kama zilivyo.

Transfoma ya kushusha 230 kuwa 120 ipo, na kwa amplifaya nyingi inafaa. Ila ni kitu kingine kizito cha kununua, na siku moja mgeni atachomoa plagi aichomeke moja kwa moja ukutani. Mimi ningechukua zile amplifaya ndogo za siku hizi zenye adapta ya nje kama ya laptopu. Nyingi adapta yake inakubali volti 100 hadi 240, hazichemki sana, na adapta ikifa unanunua nyingine yenye volti na ampia zile zile.

Sasa wati 500. Dada, ua hauna paa wala kuta za karibu za kurudisha sauti kama sebuleni. Kila ukizidisha umbali mara mbili sauti inashuka desibeli 6, na kuzirudisha hizo desibeli 6 unahitaji wati mara nne. Tuseme wati 5 zinamtosha mzee akiwa mita 3 kutoka kwenye spika. Msogeze mita 12, utahitaji wati 80 asikie vile vile. Na hizo wati 80 anazipata nani kwanza? Mama, aliyekaa karibu na spika, na jirani wa nyuma ya ukuta. Kwa hiyo usitafute nguvu, sogeza spika kwa watu. Mbili ziwe chini ya upenu kuelekea jikoni, mbili karibu na mwembe, zote zimeinamishwa kidogo ziangalie chini walipo watu. Amplifaya ya wati 50 kila upande inabaki na akiba.

Kuna jambo la omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, ambalo ndilo linaua amplifaya nyingi hapa mjini. Spika zako zikiwa za omu 8, ukifunga mbili upande mmoja kwa sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi, amplifaya inaona omu 4. Ukifunga zote nne hivyo upande mmoja, inaona omu 2, na amplifaya nyingi za nyumbani hapo zinachemka, zinajizima, au zinakufa. Angalia nyuma kwenye vishikio vya spika. Ikiandikwa 4–16, funga mbili mbili kwa sambamba bila wasiwasi. Ikiandikwa 6–16, zifunge mbili mbili kwa mfululizo, hasi ya moja iingie chanya ya nyingine; itakuwa omu 16, nguvu itapungua lakini kifaa kitaishi. Na chanya isigeuzwe hasi kwenye spika moja, maana mbili zitasukumana na kuvutana na besi itapotea.

Chagua pia amplifaya inayoweza kuchanganya kulia na kushoto kuwa sauti moja. Ndani ya sebule umekaa katikati ya spika, unapata pande zote. Mwembeni mzee atakuwa na spika za upande mmoja tu, gitaa au sauti iliyorekodiwa upande wa pili hataipata vizuri.

Waya usilete. Shaba ni nzito na utailipia kila kilo, ilhali tunayo hapa. Hatua zako arobaini nazihesabu mita 30, na umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 60 za shaba. Ukitumia ule waya mwembamba wa milimita mraba 0.75 unaouzwa na redio, mita 60 zina karibu omu moja na nusu. Kwa spika moja ya omu 8, takriban sehemu moja ya sita ya nguvu inaishia njiani. Kwa spika mbili zilizofungwa sambamba inapotea zaidi ya robo. Waya wa 2.5 kwa mita zile zile unafika omu 0.44 tu. Huo ndio nitakaokufungia. Ukiona huko waya umeandikwa kwa AWG, kipimo cha Marekani cha unene wa waya, fahamu kwamba namba ikiwa kubwa waya ni mwembamba: 14 ni kama milimita mraba 2, 16 ni kama 1.3.

Mzee akienda dukani, aende na kisu. Amenye sentimita moja, akwangue nyuzi. Zikibaki nyekundu hadi ndani, ni shaba. Wekundu ukitoka na chini kukawa cheupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Inapitisha umeme vibaya zaidi na inakatika kwenye skrubu.

Kutoka: Leicester, Uingereza

Kaka fundi, shikamoo kama umenizidi umri. Nimesoma kwa makini. Mimi niko kwenye volti 230 kama nyumbani na plagi zetu ni zile zile za miguu mitatu ya bapa, kwa hiyo hilo la kwanza halinisumbui. Langu ni kiwanja cha Ujiji, eka nzima, spika ya mwisho iko zaidi ya mita 90. Nikifuata hesabu yako nitahitaji waya mnene kama kidole. Na je, waya upite juu au chini ya ardhi? Jirani yetu alifukia, haukumaliza masika mawili.

Kutoka: Mwanga, Kigoma

Marahaba, karibu. Kwa umbali huo achana na omu 8, nenda mfumo wa volti 100, ule unaofungwa misikitini na mashuleni. Amplifaya inapandisha volti, na kila spika ina transfoma yake ndogo ya kuzishusha. Wati 40 kwenye omu 4 zinavuta zaidi ya ampia 3 kwenye waya. Kwenye laini ya volti 100 ni ampia 0.4 tu. Waya wa 1.5 unakutosha hadi mwisho wa kiwanja. Na hesabu ni nyepesi: kila transfoma ina vituo vya wati, yaani sehemu za kuungia waya zilizoandikwa wati zake, unachagua 5 au 10, unajumlisha. Spika nne za wati 10 ni 40, amplifaya ya wati 60 inazibeba. Usije ukafunga spika ya kawaida ya omu 8 kwenye laini hiyo bila transfoma, itaungua papo hapo.

Dada wa Ohio nawe lishike hili: huko kwenu mfumo huo ni wa volti 70. Spika yenye kituo cha wati 10 kwa volti 70 ukiifunga kwenye laini yetu ya 100 itavuta wati 20. Angalia kama ina alama za volti zote mbili.

Kuhusu kufukia, hiyo ya jirani naijua bila kuiona. Nilichimbua moja kama hiyo Katonga. Ukiukamata waya kwa nje ulikuwa mzima, lakini nilipoukata kwa koleo ndani shaba ilikuwa unga wa kijani, na jointi waliyoizungushia tepu ilikuwa imejaa maji. Chini ya ardhi pasiwe na jointi hata moja. Waya upite ndani ya bomba la PVC, sentimita 45 kwenda chini au zaidi, mbali kama sentimita 30 na waya wa umeme. Vikilazimika kupishana, vikate msalaba. Midomo ya bomba izibwe kwa silikoni, la sivyo mchwa na panya watahamia. Unapoingia kwenye spika, acha waya uning'inie kidogo chini ya tundu ndipo upande, maji ya mvua yadondokee pale chini yasifuate waya hadi ndani.

Ukitumia waya wa nyumba kwa spika, na wengi wetu tunautumia, weka alama kila mwisho kwa tepu ya rangi moja na uandike SPIKA kwa kalamu isiyofutika. Fundi atakayekuja miaka mitano ijayo akiuona ni ule ule wa soketi, anaweza kuuunga kwenye umeme, na mtu akaja kushika spika hiyo. Hili naomba msilipuuze kabisa.

Amplifaya ikae ndani, pawe na nafasi ya hewa juu yake, na ipate umeme kupitia stabilaiza inayosubiri kidogo kabla ya kuupitisha, maana umeme ukikatika haurudi taratibu. Na radi ya ziwani kwetu mnaijua. Kuanzia Novemba hadi Aprili, wingu likijikusanya upande wa Kongo, plagi ichomolewe na nyaya za spika zichomolewe pia, kwa sababu mita 30 zilizolala uani zinaipa radi njia ya kuingilia. Fungeni plagi ya spika inayochomoka kwa mkono mmoja, mzee asihangaike na skrubu.

Kutoka: Columbus, Ohio

Allah akulipe kaka. Nimeigeuza ile ya wati 500 hapa dukani: 120V 60Hz, basi. Nimeirudisha rafuni. Nimepata ndogo yenye adapta ya 100–240V, wati 50 kila upande, omu 4–8, ina kitufe cha kuchanganya kulia na kushoto kuwa sauti moja. Spika nne za omu 8, IP65, yaani haziingizi vumbi wala maji ya kurushiwa. Nichukue?

Kutoka: Mwanga, Kigoma

Chukua. Angalia tu kwamba wati 50 hizo zimeandikwa kwa omu ngapi, na vibano vya kuning'inizia spika viko ndani ya boksi, na skrubu zake hazishiki kutu. Mwambie mzee asinunue waya bado. Jumamosi baada ya alasiri nitapita Gungu na futi nipime kutoka dirisha la sebule hadi mwembeni, nione na mizizi imelala wapi kabla hatujachimba.