Majina ya mabinti wa Nyanda za Juu Kusini: maana, mzizi na jinsi ya kuyaandika (tupeane uzoefu)

Wakuu, tuweke hapa majina ya mabinti ya huku kwetu, kuanzia Mbeya hadi Iringa. Ukitaja jina, taja na mzizi wake. Kumwambia mzazi "lina maana nzuri" hakumsaidii kuchagua.

Kutoka Tukuyu
Nianze na Kinyakyusa. Majina yetu mengi ni sentensi nzima, na ukijua kuyapasua huhitaji kuuliza. Chukua Atupele: a- ni yeye (Mungu), -tu- ni sisi, -pele ni "amepa". Yaani ametupa. Kiswahili hutanguliza -me-, sisi wakati uliopita tunauweka mwisho: -ile. Kwenye -pa, ile a inakutana na -ile, inazaliwa -pele. Atuganile ni hivyo hivyo: mzizi -gan-, kupenda, basi ametupenda. Mzizi huohuo unatoa Lugano, upendo.

Mwisho wa -igwe maana yake kutendewa, na tu- ya mwanzo ni sisi. Tusajigwe, tumebarikiwa, nduguye ni Lusajo, baraka, ambalo hata wavulana wanapewa. Tupokigwe, tumeokolewa, mzizi -pok-. Mzizi huo umo hata ndani ya Ambokile, ameniokoa, ila hauonekani upesi kwa sababu n ikigusana na p inakuwa mb.

Angalieni pia Tusekile na Sekelaga. La kwanza ni tumecheka, tumefurahi. La pili ni agizo, uwe unafurahi. Mtoto aliyeleta furaha nyumbani anafaa la kwanza. La pili ni la kumtakia.

Tafadhali msikate majina haya. "Atu" peke yake ni "yeye–sisi" bila kitendo, na hakuna atakayejua kama ni Atupele au Atuganile.

Kutoka Iringa mjini
Huku utakutana na Konsolata wengi. Ni sifa ya Bikira Maria, neno la Kiitaliano lenye maana ya aliyefarijiwa. Lilishika mizizi kwa wamisionari wa Consolata, waliofika Iringa mwaka 1919. Anayependa maana hiyo kwa Kiswahili, amwite Faraja.

Kutoka Mbeya mjini
Nyongeza fupi: Neema na Rehema asili yake ni Kiarabu. Neema kwa Kinyakyusa ni Ipyana, nalo ni jina la mtoto wa kike na wa kiume. Debora ni Kiebrania, nyuki. Rahel ni kondoo jike.

Kutoka Rungwe
Maana mmeieleza vizuri, lakini jina linaharibikia kwenye cheti. Kwa watoto wa chini ya miaka 5, mpango wa RITA (wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo) ulioanza Mbeya mwaka 2013 unatoa cheti kwenye kituo cha tiba au ofisi ya kata, na kinaandikwa kwa mkono. Mwandishi akisikia tu, anaweka Atupere au Tusajingwe. Hiyo g yetu laini nayo wengine wanaiandika gh: Lugano, Lughano. Zote zinasomeka, ila chagua moja, uiandike hivyohivyo kwenye kadi ya kliniki, ubatizo na shule. Konsolata nalo lina shida hiyo ya K na C.

Nenda na jina limeandikwa kwenye karatasi kwa herufi kubwa, A-T-U-G-A-N-I-L-E, umkabidhi mwandishi. Akimaliza, soma cheti herufi kwa herufi ukiwa bado hapo mezani.