Corolla 110: stata inagoma injini ikipata moto, dashibodi inazima kwenye matuta. Nianzie wapi?

Mwenye110
Wakuu, habari za leo. Gari ni Corolla AE110 ya 1998, injini 5A-FE, gia otomatiki. Injini ikishapata moto, nikizima kisha nikitaka kuwasha tena, stata inagonga "ta!" mara moja na kunyamaza. Nikirudia funguo mara kadhaa, inawaka. Pia nikipita kwenye matuta dashibodi yote inazima, injini inakata kidogo, halafu vyote vinarudi. Betri ni mpya: ikipumzika inasoma volti 12.6, injini ikinguruma 14.1. Fundi anasema tubadilishe alteneta (jenereta inayochaji betri). Nikubali?

FundiWaya
Usikubali, mkuu. 14.1 ni chaji nzuri, kawaida ni kati ya 13.8 na 14.5. Na mtu akitaka kukuthibitishia ubovu wa alteneta kwa kung'oa tamino ya betri (kishikizo cha waya kwenye nguzo ya betri) injini ikinguruma, mzuie. Betri ndiyo inayotuliza volti. Ukiitoa, volti inaweza kuruka ghafla ikaunguza kompyuta ya injini.

Hapo una magonjwa mawili, usiyachanganye. Anza na stata. Mlio mmoja mzito unaonyesha solenoidi (swichi ya sumaku-umeme iliyo kwenye stata) inapata amri, kwa hiyo swichi ya P/N ya gia, inayoruhusu stata gia ikiwa P au N tu, iache kwanza. Ninazoshuku ni kopa za ndani ya solenoidi, yaani vipande vya shaba vinavyopitisha umeme kwenda kwenye mota, ambazo kwa umri huu huwa zimelika. Injini ikiwa ya moto, koili ya solenoidi inaongeza ukinzani na kuvuta kwa nguvu ndogo, ndiyo maana asubuhi huoni shida.

Pima wakati imegoma, si wakati inawaka vizuri. Gia iwe P, breki ya mkono juu. Weka ncha za mita kwenye nati mbili kubwa za solenoidi: ya waya mnene kutoka betri, na ya waya unaoingia kwenye mota ya stata. Kabla ya funguo utasoma volti 12 na ushee. Mwenzako ageuze funguo. Ikigonga na mita ikabaki 12, kopa hazigusani. Ikishuka karibu na sifuri na mota haizunguki, kopa ni nzima. Tafuta kwenye nyaya nene, ethi (waya unaounga nguzo hasi ya betri na injini) au makaa ya mota (vipande vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka).

Spana10
Naongeza la ethi, maana linapuuzwa sana. Ncha moja ya mita iguse nguzo hasi ya betri yenyewe, si tamino, na nyingine chuma kitupu cha injini. Stata ikiwa inazunguka, isizidi volti 0.3. Ikifika 0.5, fungua waya wa ethi pande zote, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu. Usiamini taa ya testa hapa: inakula umeme kidogo, itawaka hata kwenye waya uliobaki nyuzi tatu.

Dada_Umeme
Kuhusu matuta: safari ijayo washa taa kubwa usiku mahali salama. Dashibodi ikizima, taa kubwa zinabaki au zinazima? Kwenye gari hili hazipiti kwenye swichi ya funguo. Zikibaki, betri na fyuzi kuu ziko salama, shida huenda iko kwenye swichi ya funguo au plagi yake. Zikizima pamoja, rudi kwenye tamino na fyuzi kuu.

Mwenye110
Asanteni sana. Stata ilipogoma, kati ya nati mbili mita ilibaki 12.2. Ethi 0.15. Taa kubwa hazikuzima.

FundiWaya
Basi kopa. Toa kwanza tamino hasi, kwa sababu waya mnene wa stata una umeme muda wote. Nunua kopa zote mbili, na uangalie sahani ya kwenye pistoni ya solenoidi. Ikiwa na shimo la kuungua, ibadilishe pia, la sivyo itakula kopa mpya upesi. Usinunue stata nzima kama makaa bado marefu.

Dada_Umeme
Na swichi ya funguo sasa. Toa kava la chini la usukani, injini ikinguruma tikisa plagi ya swichi taratibu, kisha tikisa funguo bila kuzungusha. Ikikata kwa plagi, angalia pini zilizobadilika rangi kwa joto. Ikikata kwa funguo, ni swichi yenyewe. Sehemu ya umeme imefungwa kwa skrubu nyuma ya kitasa, inabadilishwa peke yake, funguo zako zinabaki zilezile. Rundo la funguo zito litoe, linaning'inia kwenye swichi na kila tuta linaivuta.