Mjadala: Je, Umaga alijimaliza mwenyewe, au kazi ndiyo iliyommaliza?

Ndugu wanamjadala, kila ifikapo tarehe 4 Desemba wapenzi wa mieleka wa hapa Mtwara humkumbuka Umaga, mpiganaji mieleka aliyefariki siku hiyo mwaka 2009, na kumbukumbu hiyo haikosi ubishi. Safari hii ubishi umekuwa mkali kwa sababu mzee wetu mmoja wa Mikindani, ambaye kwa umri wake na kwa mapenzi yake ya mchezo huu nampa heshima zote, amesema waziwazi kwamba kijana yule hastahili kuliliwa: alipewa nafasi ya kutibiwa akaikataa, akaachishwa kazi, kisha akafa kwa vidonge alivyovimeza kwa hiari yake. Wengi wamemuunga mkono. Mimi simuungi mkono, na ninaomba nafasi ya kueleza kwa kirefu.

Kwa faida ya vijana ambao hawakumwona, Umaga aliitwa kwa jina lake halisi Edward Fatu, wa ukoo wa Anoa'i, ukoo wa wapiganaji mieleka wenye asili ya Samoa. Rikishi ni kaka yake wa damu, Yokozuna alikuwa ndugu yake wa ukoo, na Solo Sikoa, mnayemwona leo akimchoma mtu koo kwa kidole gumba, ni mtoto wa Rikishi na anaiendeleza silaha ya baba yake mdogo. Umaga aliingia WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, mwaka 2002 kwa jina la Jamal, akaachwa mwaka uliofuata, akaenda kupigana Japani, kisha mwaka 2006 akarudi na jina jipya, michoro usoni na kidole gumba kilichofungwa plasta nyeupe. Sisi tulimfahamu kupitia kanda katika vibanda umiza, na palepale ndipo alipotuingia moyoni.

Atakayetaka kujua ukali wake atafute pambano la Januari 2007 dhidi ya John Cena, lile ambalo mshindi ni yule atakayebaki amesimama. Kuna wakati Cena amelazwa juu ya meza ya watangazaji, na Umaga, mwenye uzito uliotangazwa kukaribia kilo 160, anakimbia juu ya meza moja hadi nyingine, anaruka ili amwangukie, Cena anakwepa, na mwili ule wote unaishia juu ya meza inayopasuka chini yake. Baadaye anainuka. Anapigana tena mpaka Cena, huku damu ikimtiririka usoni, anapomkaba shingo kwa kamba ya ulingo iliyofunguliwa kwenye kona. Ni kweli kwamba mshindi hupangwa kabla, na wanaosema mieleka hii ni maigizo hawajakosea kwa upande huo. Lakini meza haikupangiwa kutoumiza, wala mgongo haukujua kwamba ulikuwa ukiigiza. Ninalisisitiza hili kwa sababu hoja ya mzee wangu imejengwa juu ya dhana kwamba maumivu ya Umaga yalikuwa ya kujitafutia, kana kwamba vidonge vilitangulia na maumivu yakafuata.

Lipo pia la WrestleMania ya 23, onyesho kubwa la WWE la kila mwaka, mjini Detroit, tarehe 1 Aprili 2007, ambayo kampuni ilitangaza kuwa ilihudhuriwa na watu zaidi ya 80,000. Vince McMahon, aliyekuwa bosi wa WWE, na Donald Trump, ambaye wakati huo hakuwa bado rais wa Marekani, waliwekeana dau la nywele: ambaye mpiganaji wake atashindwa atanyolewa kipara. Umaga alisimama upande wa McMahon, Bobby Lashley upande wa Trump. Lashley alishinda na McMahon akanyolewa. Mtu anaweza kucheka, na wengi tulicheka. Hata hivyo, tazameni mgawanyo wa mambo usiku ule: matajiri wawili walihatarisha nywele, ambazo huota tena, na vibarua wawili walihatarisha shingo.

Neno kibarua nimelitumia kwa makusudi. WWE imeshikilia kwa miaka mingi kwamba wapiganaji wake si waajiriwa bali ni wakandarasi wa kujitegemea. Kampuni ndiyo inayowapa majina, kuwapangia mji wa kesho na kuamua nani ashinde na nani aanguke, na mchezo hauna msimu wa mapumziko kama tunavyouona katika ligi za mpira. Lakini bima ya afya hujitafutia wenyewe, isipokuwa kampuni hugharimia majeraha ya ulingoni. Mwaka 2008 wapiganaji watatu wa zamani walilipeleka suala hilo mahakamani huko Marekani, na kesi yao ikatupwa. Hapa kwetu, Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, inasema kwamba mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, iwapo walau jambo moja kati ya kadhaa lipo: kwamba namna yake ya kufanya kazi inaongozwa na mwingine, au saa zake zinapangwa na mwingine, au anamtegemea huyo kwa kipato, au anamfanyia kazi huyo peke yake. Mpimeni Umaga kwa kipimo hicho. Sioni jambo hata moja kati ya hayo ambalo hakulitimiza.

Sasa niijibu hoja yenyewe, ambayo ni nzito na sitaki kuipita pembeni. Eddie Guerrero, mpiganaji mwingine wa WWE, alipofariki Novemba 2005 akiwa na miaka 38, WWE ilianzisha, mwezi Februari 2006, utaratibu wa kuwapima wapiganaji dawa na moyo. Ni kweli kwamba Umaga alikiuka utaratibu huo mara ya pili, akatakiwa kwenda kutibiwa, akakataa, na mwezi Juni 2009 akaachishwa. Novemba alikuwa Australia katika ziara ya mieleka ya mpiganaji mkongwe Hulk Hogan, na Desemba 4 akafariki Houston akiwa na miaka 36. Uchunguzi ulikuta mchanganyiko wa dawa ya maumivu, dawa ya kulegeza misuli na dawa ya kutuliza wasiwasi, pamoja na ugonjwa wa moyo. Haya yote nayakubali. Alikosea kukataa tiba, na wanaosema marehemu hasemwi vibaya, kwa hiyo tuyafunike, nao siwaungi mkono, kwa kuwa tukificha sababu ya kifo vijana wetu wanaonyanyua vyuma wakiitamani miili ile hawatajua gharama yake.

Lakini someni orodha ile ya dawa taratibu. Hakuna hata moja ya starehe ya usiku. Ni dawa za mtu anayeumwa mwili, ambaye misuli yake imekaza na usingizi umemkimbia. Kipimo cha mkojo kinaweza kuonyesha kidonge. Hakionyeshi meza iliyopasuka chini ya mgongo, wala hakimpi mtu miezi mitatu ya kulala nyumbani huku malipo yakiendelea. Anayekuambia uache dawa huku ratiba iliyokufikisha kwenye dawa ikibaki vilevile amekupa nusu ya msaada. Yokozuna alikufa Liverpool mwaka 2000 akiwa na miaka 34. Guerrero 38, Umaga 36. Angekuwa mmoja, tungesema ni tabia yake. Wanapolingana hivyo, inatupasa kuiuliza kazi.

Na hapa Mtwara hatuhitaji kwenda mbali. Msimu wa korosho unapopamba moto, simameni nje ya ghala lolote jioni mkawatazame makuli wetu wakitoka. Shingo ya kijana imechubuka pale gunia linapokaa, na kabla hajaifikia sahani ya ugali anapitia duka la dawa kununua vidonge viwili vya maumivu, bila cheti wala swali, ili kesho aweze kubeba tena, kwa sababu hulipwa kwa gunia na asipobeba halipwi. Tunao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, lakini kijana asiye na mkataba hata wa karatasi moja ataanzia wapi kuthibitisha kwamba ni mfanyakazi wa mtu? Siku figo zake zitakapochoka, sitashangaa kusikia barazani kwamba alizoea vidonge mwenyewe.

Kwa hiyo, mzee wangu, pamoja na wote mliomuunga mkono, ninaomba mnijibu hili moja kabla hatujaendelea na mengine: ikiwa Umaga ndiye aliyepaswa kubeba peke yake lawama ya vidonge, kwa nini hakubeba peke yake mapato ya usiku ule wa Detroit?