Naomba ushauri: ndugu wawili, ajali moja, kumbukumbu tofauti

Ndugu wanajumuiya, naomba ushauri wenu, hasa wataalamu wa saikolojia na waliopitia jambo kama hili.

Kaka yangu na mdogo wetu wa kike walinusurika meli ya Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, wakielekea Pemba. Kaka, ambaye tangu utotoni ni mchangamfu na mpenda watu, husimulia usiku ule mwanzo hadi mwisho bila kusita, hata godoro walilolishikilia mpaka kukapambazuka. Mdogo wetu ni mkimya na mwepesi wa wasiwasi. Yeye anakumbuka harufu ya dizeli na taa zilivyozimika, basi, na hadi leo akisikia maji yakijaa kwenye pipa hutoka nje.

Mwaka jana tulimbana asimulie mbele ya familia, kwa kuwa kaka aliamini ndiyo dawa. Hakulala usiku ule, na wiki nzima hakula nasi. Baadaye nilisoma kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia unataka mtu asishinikizwe kusimulia, nikajuta sana. Dua humtuliza, lakini kwa siku chache tu.

Je, kwa mtu wa hulka yake, ukimya ni njia ya kupona au ni dalili kwamba kidonda bado kibichi? Na tumshawishi vipi aonane na mshauri nasaha, bila kuhisi tunamlinganisha na kaka yake?

Natanguliza shukrani.